Kozi ya Ukalimani Iliyorejeshwa

Mwaka 2022, katika chuo kikuu cha umma nilichokuwa nikifundisha, idara yetu ya Kiswahili iliamua kuongeza kozi ya ukalimani, yaani kutafsiri mazungumzo kwa mdomo papo hapo, katika shahada ya kwanza, nami nikateuliwa kuratibu mapitio ya mtaala. Sababu ya kozi hiyo haikuhitaji kutafutwa mbali. Agosti 2019, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika waliokutana Dar es Salaam walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Na Februari 2022 Umoja wa Afrika nao ukakipokea kuwa lugha rasmi ya kazi. Mikutano ya namna hiyo inahitaji wakalimani, ilhali wahitimu wetu walikuwa wakitoka chuoni wakiwa mahiri wa fonolojia na fasihi simulizi, lakini hawajapata hata mara moja kukaa ndani ya kibanda cha ukalimani.

Zamani mapendekezo ya mtaala yalisafiri kwa jalada. Mratibu alidurufu nakala, akazifikisha kwa mkono ofisini kwa amidi, na kuanzia hapo akawa mtu wa kufuatilia, yaani kupanda na kushuka ngazi, kuwasalimu makatibu muhtasi kwa unyenyekevu na kujibiwa kwamba jalada liko kwa mkubwa. Likilala, hakuna aliyejua limelala kwa nani. Tulipofikiwa sisi na zamu ya mapitio, chuo kilikuwa kimeanza kuyapokea mapendekezo kupitia mfumo wa mtandaoni. Ngazi za maamuzi zilibaki zile zile: idara, bodi ya ndaki (kitengo kikubwa kinachokusanya idara kadhaa), kamati ya Seneti inayoshughulikia shahada za awali, Seneti yenyewe, Baraza la Chuo, kisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa ajili ya ithibati. Jipya lilikuwa kwamba kila ngazi ilionekana kwenye kioo cha kompyuta kama duara, na duara la mahali pendekezo lilipofika liligeuka rangi ya chungwa, hivyo mratibu hata akiwa nyumbani aliweza kujua kazi yake imekwama kwa nani.

Kazi kubwa ilikuwa fomu yenyewe. Ukurasa mmoja uliweka mtaala wa zamani upande wa kushoto na mpya upande wa kulia, na kila badiliko, hata la mkato, lilitaka sababu yake iandikwe kando. Sehemu nyingine ilihusu saa. Kwa mujibu wa mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo hubeba krediti 120. Kwa hiyo kozi yetu ya krediti 12 ilipaswa kugawanya saa 120 kati ya mihadhara, semina, vitendo na kujisomea, na kitufe cha kuwasilisha hakikufunguka mpaka jumla itimie.

Rasimu yetu ya mwanzo ilitenga saa 45 za mihadhara. Niliichapa kwenye karatasi kwa ajili ya profesa wetu mwandamizi, ambaye hakuwa tayari kusoma chochote kwenye kioo, nikampelekea ofisini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Haya ndiyo mambo yenu ya kubofya?"

Alisoma kimya huku penseli ikiwa sikioni, kisha akaishusha na kukata namba 45 kwa mstari mmoja mzito. Pembeni akaandika kwamba mkalimani hafundwi kwa mihadhara. Alinieleza jinsi, enzi za ujana wake, alivyopata kukalimani katika mkutano wa vyama vya ushirika, na jinsi alivyoishiwa pumzi kabla ya mzungumzaji kumaliza aya ya kwanza. Tukahamisha saa: mihadhara 30, semina 15, vitendo 45, na kujisomea 30. Nikayahamishia maoni yake kwenye mfumo, na sehemu ya sababu nikaijaza kwa maneno yake karibu yote, kwa kuwa sikuona namna ya kuyaboresha.

Idara ilipitisha, bodi ya ndaki ikapitisha, mkuu wangu wa idara akaanza kuizungumzia kozi kana kwamba imekwishaanza. Kisha duara la kamati ya Seneti likageuka jekundu na chini yake pakaandikwa kwamba pendekezo limerejeshwa. Maoni yalitoka kwa mjumbe wa idara ya lugha za kigeni, yakiwa na jina lake, tarehe na muda wa kuandikwa, ambao ulikuwa saa tano usiku. Alisema kozi yetu ni nakala ya kozi yao, na kwamba chuo hakina fedha za kuchezea. Nimeona mara kadhaa kwamba watu huandika usiku kwenye mfumo yale ambayo mchana, kikaoni, wangeyazungushia adabu.

Mkuu wa idara alitaka jambo lile limalizwe kwa simu, kiutu uzima. Haikuwezekana, kwa sababu maoni yakishaingia hayafutiki, na yeyote aliye katika ngazi za juu angeyasoma. Jibu lilipaswa kuandikwa chini yake. Hapo mfumo ulinifaa kwa namna ambayo jalada lisingeweza: ulimruhusu kila mratibu kufungua mihtasari ya kozi za idara nyingine, nyaraka ambazo zamani zilifungiwa kabatini. Niliusoma muhtasari wao wiki kwa wiki. Kozi yao ilihusu Kiingereza na Kifaransa pekee, na Kiswahili hakikutajwa popote. Lakini mada za kumbukumbu, uandishi wa vidokezo na maadili ya mkalimani zilifanana na zetu mno. Yule bwana alikuwa na hoja, ingawa lugha yake ilikuwa ya shari.

Tulikutana idara mbili katika chumba cha semina, na baada ya nusu saa ya kukumbushana nani alianza, tukaingia kwenye kazi. Mada za msingi zingefundishwa kwa pamoja, kwa msimbo mmoja wa kozi. Vitendo vingetengana kulingana na lugha. Wao walikuwa na vibanda viwili vyenye vipaza sauti, sisi hatukuwa na kitu, na hili ndilo lililotufanya tuwe wapole. Niliandika makubaliano katika nafasi ya majibu, nikaambatisha muhtasari wa kikao uliosainiwa na wakuu wote wawili, nikawasilisha upya. Yule yule aliyelirejesha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuidhinisha.

Kwenye Seneti duara lilibaki na rangi ya chungwa kwa muda mrefu, na maelezo yake hayakubadilika: linasubiri kikao. Mfumo ulijua kuonyesha pendekezo liko wapi, lakini haukuwa na uwezo wa kuitisha kikao, na kikao kiliahirishwa kwa sababu ya mitihani, kisha mahafali. Ikanibidi nirudi kule kule kwa makatibu muhtasi, nipande ngazi na kuuliza hali za watoto, mpaka nikahakikishiwa kwamba ajenda yetu imo katika orodha. Seneti ilipoketi, ilijadili kozi yetu kwa dakika chache tu, kwani ubishi wote ulikuwa umekwisha kuandikwa na kujibiwa. Baraza likafuata, kisha Tume, ambayo ilihitaji sifa za kitaaluma za walimu zipangwe upya na orodha ya vitabu iongezwe.

Kozi ilianza na walimu wawili, mmoja kutoka kila idara. Zamu za vibanda zilipangwa na yule bwana wa saa tano usiku, naye alitutengea asubuhi za Jumatano na Ijumaa.