Siku ya kifungu cha nane

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeshaswali, niko dakani na kompyuta mapajani. Kikao cha bodi ni leo saa saba, na sera ya matumizi ya teknolojia shuleni bado ina kurasa sita ambazo hakuna mzazi atakayezisoma. Nafuta, nafuta, nabakisha mbili.

Watu wakisikia mwalimu wa kompyuta hapa Lamu hudhani nashinda chini ya feni nikibofya. Nusu ya kazi ni kupigana na hewa ya chumvi, maana kibodi zinashika kutu na nyaya zinaota ukijani. Nusu nyingine siku hizi ni kesi: nani kamtumia nani nini, kwa simu ya mamake nani.

Saa moja na robo natoka, hamri mkononi, napisha punda wa mchanga mara mbili uchochoroni. Mpaka saa sita ni vipindi tu. Umeme ulikatika, ukarudi. Mtoto mmoja aliandika nenosiri lake ubaoni ili wenzake wasihangaike kukumbuka yao.

Sera hii ina kisa chake. Muhula uliopita kijana wetu mmoja alianguka siku ya michezo, kaptura ikachanika. Picha ikageuzwa stika ya WhatsApp, ikazunguka Langoni mpaka Mkomani. Siku tatu hakuja shule. Tukasaka wahalifu, wanafunzi watano wakaandika barua za kuomba radhi. Ndipo nikarudi kwenye kundi la wazazi kuitafuta picha yenyewe ilikotoka. Aliyeituma ni mimi. Niliimwaga pamoja na nyingine arobaini, kwa furaha zangu, bila kuzitazama.

Ndiyo maana ya kifungu cha nane: mwalimu au mjumbe wa bodi asimpige picha mwanafunzi kwa simu yake mwenyewe, wala picha ya mtoto isitoke bila ridhaa ya mzazi iliyoandikwa.

Saa saba ikawa saa nane kasoro robo, tukimngoja mzee mmoja wa bodi. Akafika, akakaa, akavua kofia, simu akaiweka mezani ikiwa na sauti yote. Sijasoma sentensi ya pili, ikalia. Akapokea pale pale. Mashine ya boti imegoma Mokowe. Sote tukajua plagi gani na fundi gani.

"Endelea, mwalimu."

Naendelea. "Unyanyasaji mtandaoni" ni nini? Nikaeleza. Akasema hayo ni masengenyo, yapo tangu babu zake. Nikamwambia masengenyo ya barazani hayana picha, wala hayamfuati mtoto mpaka kitandani.

"Basi andika: simu marufuku. Imekwisha."

Simu shuleni ni marufuku tayari, mzee. Stika ilitengenezwa nyumbani, usiku.

"Achapwe."

Mwalimu mkuu akakohoa, akamkumbusha kwamba viboko vimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Mzee akamtazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Simu ikalia. Fundi kapatikana, plagi hakuna.

Adhana ya alasiri ikatukuta kifungu cha tatu. Tukaswali, tukarudi. Namba 116 ya msaada kwa watoto, ya bure, ikapita bila neno. Vya mwisho sikumbuki vilipita saa ngapi. Nakumbuka shati lilivyoning'ang'ania mgongoni na juisi ya ukwaju iliyokuja bila barafu. Kisha kifungu cha nane, na mzee akainuka mzima.

"Wewe wataka kunifunga mimi? Mimi na wajukuu mule?"

Nikamsomea Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka ridhaa ya mzazi kwa data za mtoto. Akasema sheria ya Nairobi. Hapo nikachoka, nikasema nisilopanga kulisema: picha ya yule kijana niliituma mimi. Kimya. Mwalimu mkuu alikuwa hajui. Mama mmoja wa bodi akasema, "Pitisheni," akafunga mkoba wake. Ikapita. Mzee hakuinua mkono, wala hakupinga.

Nyumbani nilifika giza limeingia, nikala wali wa baridi nimesimama. Simu ikatikisika. Kundi la bodi na wazazi: mzee katuma picha ya kikao, "Mashaallah, walimu wetu kazini." Nyuma yangu, dirishani, wasichana wawili wa gredi ya saba wanacheka, nyuso wazi kabisa. Mioyo kumi na mmoja tayari.

Nikampigia. "Mimi siyui kufuta," akasema. "Ndoo."

Nikavaa ndara, nikapita vichochoroni kwa tochi ya simu mpaka kwake. Picha nikaifuta. Akanimiminia kahawa, akavaa miwani, akanyosha mkono.

"Hebu ile karatasi. Cha nane ki wapi?"