Kabla hujabadilisha sukari, geuza chupa usome lebo

Lebo ya soda ikisema gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100, basi chupa ya mililita 330 ina gramu 35. Gawanya kwa 4, maana kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4. Hivyo ni karibu vijiko 9! Mwongozo wa 2015 wa WHO (Shirika la Afya Duniani) unashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima.

Asali na juisi, hata ya kukamua nyumbani, zimo kwenye hesabu hiyohiyo. Hapa watu hubisha sana. Ini halijali fruktosi (aina ya sukari) imetoka kwa nyuki au kiwandani.

Stevia, kitamu kinachotokana na majani ya mmea, haipandishi sukari ya damu, ila utamu wake ni mara 200 hadi 300 wa sukari. Weka chembe tu. Ukizidisha, chai inaacha uchungu ulimini. Kwenye keki ndiyo inakuangusha: sukari hushika unyevu na kuleta ule wekundu wa juu, ukiitoa yote keki inakauka na kubaki imepauka. Zailitoli, kitamu kingine cha kubadilishia sukari, ikizidi huharisha (na ni sumu kwa mbwa, ifiche).

Mwaka 2023 WHO ilishauri vitamu kama stevia visitumike kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari.

Unaweka vijiko 3 vya sukari kwenye chai? Shusha nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, kisha shusha tena.