Liemba chini ya kaunta: siku moja steshenari kwangu, Mwanga, Kigoma

Saa 1:20 asubuhi. Nafungua mlango na kabla sijatoa meza ya nje nainama chini ya kaunta. Kataa kekundu kanawaka. Ama usiku umeme haukukatika, ama ulikatika kidogo betri ikavumilia. Hapo chini kuna laptopu kuukuu, kioo kimepasuka, kibodi haina herufi M. Nimeipiga Debian, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na ndiyo seva yangu: kompyuta inayotunza mafaili na kuyagawa kwa vifaa vingine. Uzuri wa laptopu kuwa seva ni huo: betri yake ni UPS ya bure, umeme ukikatika inaishikilia.

Jina lake Liemba. Mnaijua meli yenyewe: iliundwa Ujerumani 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe ziwani 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kupakia watu. Hii yangu fundi alinishauri niipeleke kwa wanaonunua vyuma kwa kilo.

Saa 2. Kopi, kopi, kopi. Wanafunzi, fomu, vitambulisho. Hapa hakuna cha kusimulia.

Saa 3:15. Kijana kaja na CV kwenye flashi, imeandikwa kwa Word. Mimi natumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word na Excel, na watu hulalamika kwamba inavuruga mistari. Mara nyingi kosa ni la fonti. Kompyuta ikikosa Calibri inaweka herufi nyingine zenye upana tofauti, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo. Weka Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni uleule wa Calibri, na Liberation Serif kwa ajili ya Times New Roman. Tangu niziweke, ugomvi umepungua sana. Majedwali bado yananisumbua, sitawadanganya.

Saa 4:30. Anaingia mama mmoja kutoka Ujiji, jasho linamtoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile katiba yetu ya kikoba uliyotuchapia, nitolee kopi kumi na mbili. Kikao saa sita."

Nafungua folda ya vikoba. Tupu. Si katiba tu, folda nzima nyeupe. Namgeukia dogo anayenisaidia.

"Jana ulifuta nini kwenye simu ya ofisi?"

"Ilijaa, kaka. Nilifuta yale ya zamani tu."

Ndiyo hivyo. Simu ya ofisi, kompyuta ya kaunta na Liemba vinaongea kwa Syncthing. Naipenda kuliko programu zote nilizonazo: haina akaunti, haiweki mafaili kwa mtu mwingine, vifaa vikiwa kwenye waifai moja vinapeana vyenyewe bila kula bando. Ila watu wanaichukulia kama bakapu, yaani nakala ya akiba, nayo si bakapu. Kazi yake ni kufanya folda zifanane. Ukifuta huku, na kule inafuta, kwa utiifu uleule.

Mama kakaa kwenye benchi, anajipepea na bahasha. Mimi naingia Liemba na kuandika ls -a, maana folda ninayoitafuta jina lake linaanza na nukta na haionekani hivihivi: .stversions. Mwaka jana niliiwashia Liemba utunzaji wa matoleo, ule wa kikapu cha taka, siku 30. Usipouwasha mwenyewe haupo, na unatunza yale tu yaliyofutwa au kubadilishwa na kifaa kingine. Dogo angefuta akiwa ndani ya Liemba yenyewe, tungekuwa tunaimba wimbo mwingine.

Ipo. Kurasa tisa, mara kumi na mbili. Mama analipa, anaondoka na hajui kilichotokea. Dogo anajua. Hajanitazama usoni hadi saa sita.

Saa 7 mchana. Ugali na mgebuka kwa mama lishe, kisha napita sokoni, narudi na dagaa kwenye kifuko. Njiani nafungua StreetComplete, programu ya simu. Inakuuliza maswali kuhusu mahali uliposimama: njia hii ni ya lami au ya vumbi? Duka hili bado lipo? Unajibu, jibu linaingia kwenye OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Leo nimejibu sita. Mwenye genge kaniuliza kama nimetumwa na watu wa kodi.

Saa 9:30. Wanafunzi wa sekondari wamejaa kwenye benchi na simu zao. Waifai yangu haina intaneti, na wanajua. Wanachofuata ni Kiwix: Wikipedia nzima kwenye faili moja, Liemba inaigawa kwa yeyote aliyeunganishwa. Ya Kiswahili ni ndogo, inakaa hata kwenye flashi. Ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100, hiyo niliagiza kwa mtu Dar akaniletea kwenye diski. Kuipakua kwa bando ni wazimu. Leo wanabishana kuhusu kina cha Ziwa Tanganyika. Mita 1,470. Aliyesema 500 kanunua juisi.

Mtu ataniuliza, mbona sitaji Nextcloud, ile programu ya kujiwekea "Google Drive" yako kwenye seva yako mwenyewe? Niliiweka miezi minne. Ina kila kitu: kalenda, anwani, mafaili, mazungumzo. Kwa ofisi ya watu kumi ningeipendekeza leo hii. Kwangu ilikuwa kama kununua lori la kubebea ndoo ya mawese.

Saa 11. Kijana wa CV karudi, kasahau pasiwedi ya barua pepe yake. Mara ya tatu mwezi huu. Namwekea KeePassDX, programu ya kutunza pasiwedi, kwenye simu yake, namgeuzia mgongo aandike pasiwedi kuu mwenyewe. Za wateja sitaki hata kuziona.

Saa 1:30 usiku. Tunafunga. Nachomeka diski ya nje, restic, programu ya bakapu, inaandika yaliyobadilika tu, yakiwa yamefungwa kwa siri. Hii sasa ndiyo bakapu. Diski ziko mbili, kila Jumapili nabadilishana na ile iliyoko kwa dada yangu Gungu. Mwizi akija au moto ukiwaka, havitafika kote.

Mahesabu. Jedwali langu la Calc linasema 47,300. Droo ina 45,300. Napitia fomula mara mbili, nakagua hadi seli zilizofichwa. Mke wangu anafungua kauntabuku lake, analamba kidole, anageuza ukurasa.

"Saa saba. Dagaa, elfu mbili. Ulichukua wewe."

Naongeza mstari.