Mahame ya Saskatchewan: anza na tuta la reli

Picha nyingi za mahame ya nyika za Kanada, likiwemo jimbo la Saskatchewan, zinafanana: nyumba moja imeinama, nyasi, mawingu mazito. Zinapendeza. Lakini ukimuuliza mpigapicha kanisa lilikuwa upande gani, au gari moshi lilisimama wapi, hana jibu. Mimi naona kazi hii huanza kwenye ramani, tena kwenye mstari wa reli.

Miji hii haikuota ovyo. Kampuni za reli ziliweka vituo kila maili nane hadi kumi hivi, ili mkulima mwenye gari la farasi apeleke ngano na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sheria ya ardhi ya 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, na mji ukafuata reli. Kwa hiyo ukifika, tafuta tuta la reli kwanza, hata kama vyuma vyenyewe viling'olewa zamani: ni mwinuko mrefu ulionyooka, nyasi zake zina rangi tofauti. Mara nyingi maghala marefu ya nafaka yako upande mmoja na kituo kilikuwa ng'ambo. Barabara ya kwanza inakwenda sambamba na reli. Ya maduka inaikata ikielekea ndani. Hoteli ilikaa karibu na kituo, benki kwenye kona, shule na kanisa nyuma kabisa. Ukiujua mpango huo, shimo lenye vichaka vya mawaridi linageuka kuwa msingi wa nyumba.

Kufa kwa miji hii nako kulitoka relini. Mwaka 1933 nyika za magharibi zilikuwa na maghala zaidi ya 5,700. Yakaja malori, mashamba yakaungana, njia ndogo za reli zikafungwa, na mwaka 1995 ruzuku ya kusafirisha nafaka kwa reli ikaondolewa. Nafaka ikahamia kwenye maghala makubwa ya zege, yale ya mbao yakabomolewa. Barabara namba 13 kusini-magharibi mwa jimbo, pale kwenye hame la Robsart na majirani zake, inakuonyesha mkondo huo wote.

Kabla ya kuondoka, nunua ramani ya manispaa ya kijijini. Inaonyesha jina la mwenye kila kipande cha ardhi. Tangu Januari 2022 sheria ya Saskatchewan inataka ruhusa ya mwenye shamba kabla hujaingia, hata pasipo kibao. Piga simu. Wengi hukubali, na mara nyingi ndio wanaojua kisima cha zamani kiko wapi. Geti la seng'enge liache ulivyolikuta: lililofunguliwa libaki wazi, lililofungwa lifungwe.

Barabara zimechorwa kwa miraba, za kaskazini-kusini kila maili moja na za mashariki-magharibi kila maili mbili, lakini baadhi zipo kwenye karatasi tu. Udongo wa mfinyanzi wa huku ukinyeshewa hujaa kwenye matairi mpaka hayazunguki, na gari la 4x4 halikuokoi. Mvua ikianza, rudi kwenye changarawe. Usiegeshe kwenye nyasi kavu pia: bomba la moshi lenye moto linatosha kuwasha shamba zima.

Ndani ya nyumba hatari kubwa ni sakafu. Paa likivuja, mbao huoza kuanzia katikati ya chumba, na chini kuna handaki. Fuata safu za misumari, maana ndipo maboriti yalipo, au tembea ukigusa ukuta. Ukiona sakafu imebonyea, piga picha ukiwa mlangoni. Panya wa porini hubeba virusi vya hanta kwenye mkojo na kinyesi. Vaa barakoa ya N95, usifagie wala kutimua vumbi. Nje, kanyaga polepole kwenye nyasi ndefu: visima na matangi ya maji ya ardhini hufunikwa kwa mbao tu. Upande huu wa kusini-magharibi kuna nyoka wa njuga pia.

Sasa ghala. Lina urefu wa mita 25 hivi, na ukiinua kamera juu linaonekana kuanguka kinyumenyume. Kwa lenzi ya milimita 50 na kamera ya fremu kamili, simama mita 70, kamera wima na isiinuliwe hata kidogo. Nusu ya chini ya picha itabaki ardhi, basi mpe nafasi hiyo tuta la reli. Sogea karibu ukitaka ukuta ulipobanduka bati: mbao zimelazwa bapa, moja juu ya nyingine, zikapigiliwa misumari, nene chini na nyembamba juu, kwa sababu ngano husukuma kuta kwenda nje na msukumo ni mkubwa zaidi chini. Maandishi yaliyofifia hupigwa jua likiwa limelala ubavuni. Rangi ililinda mbao, upepo ukala zilizobaki wazi, kwa hiyo herufi zimeinuka kidogo na zina kivuli. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, basi anza saa mbili.

Vyumbani, dirisha linang'aa na kona ni giza: stendi, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kihisi ISO 100, picha tatu zinazopishana hatua mbili mbili za mwanga, kisha uziunganishe. Usibadilishe lenzi kwenye upepo. Kichujio cha polaraizi kwenye lenzi pana huchafua anga, upande mmoja buluu nzito na mwingine mweupe, kivue. Theluji ikitanda, ongeza mwanga hatua moja hadi moja na nusu, la sivyo itatoka kijivu. Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani, na kamera ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla ya kuingia nyumba yenye joto.

Usichukue kitu, hata chupa. Kila picha iandikie tarehe na anwani ya ardhi kwa mfumo wa huku, mfano NW 14-3-24 W3: robo ya kaskazini-magharibi ya sehemu ya 14, kitongoji cha 3, safu ya 24, magharibi ya meridiani ya tatu, mstari wa kaskazini-kusini wa wapimaji ardhi. Nakala moja mpelekee mwenye shamba, nyingine makumbusho ya wilaya.