Walisema kwa intaneti ya Tanga siwezi kuwa tanki

Binamu yangu aliyeko Dar alinipigia simu usiku ule ule niliposhika ngao kwa mara ya kwanza katika gemu ya mtandaoni ya Final Fantasy XIV, nikitaka kuwa tanki, yaani yule anayesimama mbele na kupokea mapigo kwa niaba ya wenzake. "Kaka, kwa mtandao wa huko Tanga, tanki achana nayo. Chukua upinde, kaa nyuma, rusha mishale. Ukishika ngao utaua watu." Siku mbili baadaye fundi kompyuta mmoja wa hapa Ngamiani, naye mcheza gemu wa siku nyingi, akanirudishia maneno yale yale kana kwamba wamepangana. Naandika haya kwa sababu nasikia vijana bado wanaambiwa hivyo, na yananikera. Mimi leo ni Paladin, tanki wa upanga na ngao, wa levo 70 katika gemu hiyo, nachezea Mikanjuni hapa Tanga kwa intaneti ya simu, na wenzangu wanarudi nyumbani wazima.

Kwa asiyeijua gemu hii: kwenye mapango mnaingia wanne, tanki mmoja, mganga mmoja na wapigaji wawili. Kwenye mapambano makubwa mnakuwa wanane, matanki wawili, waganga wawili na wapigaji wanne. Tanki ndiye anayewasha Iron Will ili maadui wamchukie yeye kuliko wengine, halafu anapokea yale mapigo ambayo mganga akipigwa mawili matatu yuko chini. Seva za Ulaya ziko Ujerumani. Kitufe nikikibonyeza hapa, habari inakwenda Dar, inapita kwenye nyaya za chini ya bahari, inafika Ulaya, kisha jibu linarudi. Kwangu safari hiyo ni milisekunde mia mbili na kidogo usiku ukiwa umetulia. Saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, inafika mia nne. Hapo binamu alisema kweli. Alichokosea ni kudhani kuwa tanki ni mtu wa kuwahi.

Mambo ya kufungua akaunti sitayaeleza. Laptop yangu ni ya mtumba, laki saba na ushee. Gemu ni nzito mno kuishusha kwa kifurushi, kwa hiyo binamu aliishusha kwake, akaiweka kwenye diski ya nje, ikaja na basi pamoja na maandazi ya shangazi. Kucheza kwenyewe silipi chochote, kwa sababu nipo kwenye jaribio la bure, ambalo tangu Oktoba 2023 linakufikisha levo 70 bila kikomo cha siku. Akaunti ya bure haina ruhusa ya kuunda kundi, lakini ukialikwa unaingia. Anayeita kundi ni binamu, anayelipia ya kwake.

Sasa nieleze usiku wa Brayflox's Longstop, maana ndipo nilipokaribia kuwaamini.

Ni pango la levo 32, na mwishoni kuna joka linaitwa Aiatar. Joka hili linatapika sumu chini, panabaki dimbwi. Likisimama ndani ya dimbwi lake linapata nguvu, kwa hiyo kazi ya tanki ni kulivuta litoke. Pia linapuliza pumzi mbele yake, kwa hiyo lazima uso wake uwe kwako na mgongo uwe kwa wenzako. Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Nikaingia na watu watatu nisiowajua, niliopangiwa na gemu yenyewe, saa tatu na nusu usiku, mtandao umelemewa.

Dimbwi la kwanza likatua. Nikarudi nyuma hatua mbili, joka halikuja. Nikarudi tatu nyingine, likaja kwa kishindo, nikadhani limenipita, nikageuka. Kumbe kwenye seva lilikuwa bado linanifuata upande niliotoka, na nilipogeuka likageuka nami. Uso wa joka ukawaelekea wenzangu watatu waliojipanga vizuri nyuma yake kama walivyofundishwa. Likapuliza. Mpiga mishale akaanguka. Nikajaribu kurekebisha, nikazunguka tena, joka likazunguka tena, mganga akaanguka. Tukafa wote. Tukarudia, tukafa tena. Mara ya tatu mganga hakuandika neno, akatoka kundini, na mwingine akafuata. Nilizima laptop nikakaa barazani mpaka saa saba. Kilichoniuma ni kwamba wale watu hawakukosea kitu. Walisimama mahali ambapo mimi ndiye niliyepaswa kupafanya salama.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo mpaka leo nalionea fahari. Nilichukua simu ya mke wangu, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, nikarekodi skrini wakati nacheza. Kisha nikaitazama video polepole, kipande kwa kipande. Kila adui mkubwa anapoandaa pigo, kuna mstari unaojaa na jina la pigo. Nikaona mstari umejaa. Nikaona mimi, kwenye skrini yangu, tayari nimeshatoka kwenye alama ya hatari iliyochorwa chini. Na bado uhai wangu ukashuka. Nilirudia kipande kile mara ishirini hivi. Jibu ni hili: seva inaamua nani amepigwa pale mstari unapojaa, wala haingoji moto uonekane, na inahesabu mahali ilipokuona yenyewe, si mahali unapojiona wewe. Mimi nilikuwa nimetoka kwangu, lakini Ulaya nilikuwa bado sijatoka.

Kuanzia hapo nikaacha kutazama joka. Natazama mstari. Ukifika robo tatu, miguu yangu iwe imeshatulia nje. Na kinga iwe imewaka kabla haujajaa, maana ukibonyeza unapoona ngumi inashuka, hesabu imeshafungwa. Mtu wa Ulaya mwenye mtandao mwepesi anaweza kuokolewa na wepesi wa vidole. Sisi tunaokolewa na kukumbuka. Nikanunua daftari la mistari, la wanafunzi, nikaandika kila bosi: pigo la kwanza nini, linafuatwa na nini, nihesabu mpaka ngapi. Daftari limejaa, nina la pili.

Kuhusu kulivuta joka: usirudi nyuma kwa hatua ndogo za wasiwasi. Chagua mahali mapema, tembea moja kwa moja mpaka huko, simama, lingoje lifike. Nilirudi kwa Aiatar baada ya wiki na nikalivuta mara nne tu pambano zima, uso wake ukutani muda wote.

Halafu acheni kurusha hotspot. Nilichomeka simu kwenye laptop kwa waya wa USB, waya wenyewe wa elfu tano au sita, na ile hali ya mtandao kupanda na kushuka ikapungua sana. Milisekunde mia mbili na hamsini zisizobadilika ni bora kuliko mia na themanini zinazoruka mpaka mia tano, kwa sababu ucheleweshaji usiobadilika unaweza kuuzoea kama unavyozoea mlango mzito. Simu iwe dirishani. Masasisho ya Windows yazimwe. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika, hakuna ujanja wowote uliosaidia, nilikaa bila kucheza kama kila mtu.

Ushauri mwingine mbaya niliopewa: "Kinga zako zitunze kwa ajili ya bosi." Huu umewaua wengi. Katika mapango, kundi la maadui wadogo saba wanaokupiga kwa pamoja huumiza kuliko bosi mmoja. Rampart inapunguza maumivu asilimia 20 kwa sekunde 20 na inarudi baada ya sekunde 90. Sentinel inapunguza asilimia 30 kwa sekunde 15, inarudi baada ya 120. Ukiziwasha zote mbili pamoja hupati 50. Pigo la 100 linashuka 80, halafu asilimia 30 ya hizo 80 inatoka, linabaki 56. Yaani umepata 44, na sekunde chache baadaye uko uchi. Mimi huziwasha moja baada ya nyingine, moja ikiisha nyingine inaingia, na ya kwanza naiwasha maadui wakiwa bado wote hai, maana ndipo kipigo kilipo kikubwa. Arm's Length nayo watu wanaidhania ni ya kuzuia kusukumwa tu. Adui akikugusa ikiwa imewaka, anapunguzwa kasi ya kupiga. Wakiwa saba wamekuzunguka, hiyo ni kinga nzima ya bure. Reprisal nayo inapunguza nguvu za maadui walio karibu nawe kwa asilimia 10, kwa hiyo anayefaidi ni kila mtu kundini. Hiyo naitunza kwa pigo linalogusa wote.

Lakini hizo nyingi ni za kujikinga mwenyewe. Nilichokipenda kwenye Paladin ni kwamba ana kinga za kuwapa wengine, na hapo ndipo dada anapoingia. Ni mtoto wa mama mkubwa, ameolewa Mombasa, na ndiye mganga wetu. Tukicheza tunakuwa kwenye simu ya WhatsApp, na akiona uhai wangu unashuka husema, "Mdogo wangu, simama nikupake dawa."

Kuna ujuzi unaitwa Cover, unaupata levo 45. Unamchagua mwenzako aliye karibu, uzi unatokea kati yenu, na kwa sekunde 12 mapigo yake karibu yote yanakuja kwako. Unagharimu pointi 50 za Oath, ambazo zinajikusanya unapopiga, mwisho 100. Pointi hizo hizo ndizo zinazolipia Sheltron, kinga yako binafsi, na matanki wengi wanazimaliza zote huko. Mimi nilijiwekea sheria: nusu ya juu ni yangu, nusu ya chini ni ya mwenzangu. Sishuki chini ya 50 labda bosi awe anakufa.

Usiku mmoja tulikuwa Sohm Al, mlima wa majoka, pango la levo 53. Mpiga mishale mgeni akarudi nyuma kukwepa kitu, akaligusa kundi la pili la maadui. Maadui wapya humwendea anayetibu, kwa sababu kila tiba inawakasirisha, na Provoke, ujuzi wa tanki wa kumchokoza adui amgeukie, inamvuta mmoja tu. Nikasikia dada anasema, "Wananipiga! Wananipiga!" Uhai wake ulikuwa umebaki kama kidole. Mimi mwenyewe nilikuwa chini ya nusu, Rampart na Sentinel zimetumika zote.

Nilibonyeza Hallowed Ground kwanza. Hiyo kwa sekunde 10 haikuachi uumie hata chembe, lakini ukishaitumia unasubiri dakika saba, na ina tabia ya kuchelewa kushika, ndiyo maana wengi hufa wameshaibonyeza. Nilijua nikianza na Cover nikiwa dhaifu vile, mapigo yake yangeniua mimi na uzi ungekatika. Nikasubiri pumzi moja, nikaona alama imewaka, ndipo nikambonyezea dada Cover. Uzi ukatokea. Wakawa wanampiga yeye, pigo linakuja kwangu, na kwangu ni sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Nikamwambia, "Dada, usikimbie, njoo miguuni pangu," kwa sababu akitoka mbali uzi haumsaidii. Akaja. Nikawapiga wote kwa Total Eclipse, pigo la kuwagusa wote walionizunguka, mpaka hasira zao zikahamia kwangu, na sekunde kumi zilipokwisha dada alikuwa ameshanijaza uhai. Hakuna aliyeanguka. Mpiga mishale yule aliandika neno moja tu, "Wow." Dada akacheka mpaka mumewe akaja kuuliza kuna nini.

Binamu alikuwepo usiku ule, mpigaji wa pili. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata aliponialika aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Tanki yuko tayari?"

Levo 56 unapata Divine Veil, pazia linalowafunika walio karibu nawe. Levo 62 Intervention, ya kumpa mwenzako mmoja, na ukimpa huku Rampart yako imewaka inakuwa na nguvu zaidi, jambo ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa popote, ukisoma maelezo yake polepole utaliona. Kwenye mapambano ya wanane mimi humpa tanki mwenzangu wakati zamu ya kupigwa ni yake.

Na levo 70 ndiyo Passage of Arms. Paladin anapanda ngao mbele, mabawa ya mwanga yanafunguka mgongoni, na kila aliye nyuma yake anapunguziwa maumivu kwa asilimia 15. Sharti lake: usisogee, usigeuke, usibonyeze kitu kingine. Ukifanya lolote, mabawa yanafungwa. Nilisoma maelezo hayo nikiwa nimekaa kitandani nikayarudia kwa sauti. Ujuzi mkubwa kabisa wa kuwakinga wenzako katika kazi hii unamtaka mtu asimame tu, na mahali aliposimama mtu, Mikanjuni na Ulaya zinakubaliana.

Niliufungua mara ya kwanza mbele ya Shinryu, bosi wa pambano la wanane. Mstari wa pigo la wote ulikuwa umefika nusu. Mapema, kama kawaida yangu. Nikasema kwenye simu, "Njooni nyuma yangu." Dada akaja, akafuatwa na wageni wawili waliomwona anakimbia. Wa mwisho alikuwa binamu, na upinde wake.