Tumetoa upepo kwenye breki za gari-nyumba letu

Leo mimi na mke wangu tumeshinda na gari-nyumba letu kuukuu, tukitoa upepo kwenye breki. Pedali ilikuwa laini, inazama karibu na sakafu. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali): yeye anakanyaga na kushikilia, mimi nalegeza nipeli (skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye breki ya gurudumu), nakaza, ndipo anaachia. Mafuta yalitoka meusi tii, vipovu vidogovidogo vikikimbizana mrijani. Na kopo la juu la mafuta ya breki halikuachwa lipungue, maana likikauka hewa inarudi. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, hata kwenye 140 yaweza kuchemka, na vipovu vyake hulegeza pedali. Kwa gari zito namna hii kwenye mteremko mrefu, hilo linanitisha kweli. Sasa pedali inashika juu, ngumu. Kesho tunaijaribu taratibu kwenye uwanja mtupu.