Nimerudi Tabata na sauti ya Milton Keynes

Wapendwa, salaam. Mlioniandikia kuuliza mbona nimepotea tangu nitue, jibu ni fupi: nimechoka kuongea. Siumwi, na wala sijamsusa mtu. Nimerudi Dar es Salaam mwanzoni mwa 2025 baada ya kukaa Uingereza tangu 2013, na kila jua likizama nakuwa nimeshaongea kuliko nilivyokuwa naongea wiki nzima kule. Koo linawasha. Mama anasema ni vumbi, ninywe asali na ndimu.

Najua wengi mlitaka nisimulie foleni, joto, na ndugu wanaoomba simu na viatu. Hayo mmeshayasoma kwa kila aliyerudi, na mengi ni kweli tupu, sina la kuongeza. Mimi kinachonitesa ni hili la mdomo, na hakuna aliyenionya.

Kwanza mjue nilikotoka, maana ukisema Uingereza watu wanawaza London. Milton Keynes ni mji uliochorwa mezani miaka ya 1960, kisha ndipo ukajengwa. Barabara zake kubwa zimekaa kama mistari ya daftari la hesabu: zinazopanda na kushuka zinaitwa V na namba yake, zinazokatiza zinaitwa H na namba yake. Ukipewa postikodi, umefika, huna haja ya kumuuliza mtu. Tangu 2018 kuna viroboti vya magurudumu sita vinavyotembea kando ya barabara vikipeleka mkate na maziwa majumbani. Kinakuja hadi mlangoni, unabonyeza simu, kifuniko kinaachia, unachukua mkate wako, kinageuza. Hakuna shikamoo wala marahaba. Dukani unajipigia hesabu mwenyewe kwenye mashine, na kwenye basi kuna kitufe cha kushukia. Kazi yangu ilikuwa zamu za usiku, kuhudumia wazee, na wazee usiku wanalala. Kuna Jumamosi na Jumapili zilikuwa zinapita sijamwambia mtu neno zaidi ya "samahani" ya kupishana kwenye ngazi.

Mtu huyo sasa mtoe huko, mpandishe daladala ya Segerea saa kumi na moja jioni.

Nauli ya karibu niliiacha mia nne nimeikuta mia sita, hilo halikunishtua, kila kitu kimepanda. Kilichonishinda ni kushuka. Nilisema "shusha" mara ya kwanza, nikaona labda muziki umenifunika. Nikasema tena. Kituo changu cha Bima hiyoo kikapita. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja na ndoo yake ya dagaa, akanionea huruma akapaza: "We konda! Kuna mtu anashuka huku, au mpaka azimie?" Gari zima likadakia, shusha, shusha, mpaka kuna kijana akagonga bodi kwa kiganja. Nilipofika mlangoni konda akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, siku nyingine toa sauti, hapa siyo wodini." Na ndiyo, siku hizi ni mama. Niliondoka nikiwa dada. Hilo nitalililia siku yake.

Halafu ikaja habari ya laini. Miaka ile niliyoondoka laini ilikuwa inanunuliwa karibu kama karanga. Sasa nimemkuta kijana chini ya mwamvuli na kimashine cha alama za vidole, swali la kwanza: "Namba ya NIDA?" Yaani ya kitambulisho cha taifa. Nikatoa pasipoti yangu ya Tanzania, ina nembo ya bibi na bwana, nikiwa na uhakika nimemmaliza. Akaniangalia. "Mama, pasipoti ni ya wageni. Wewe si Mtanzania?" Nikasema ndiyo. "Basi NIDA." Yaani ningekuwa Mzungu ningeondoka na laini yangu dakika ile ile. Simlaumu kijana, utaratibu ndiyo huo, na waliokuwepo wanakumbuka Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa vidole zilivyoanza kuzimwa. Mimi wakati huo nilikuwa H6 huko, nabonyeza kitufe.

Basi ukiitaka namba hiyo unahitaji cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa. Ukiitaka barua, lazima mjumbe akufahamu. Mjumbe wetu ni mzee wa watu, nilimkuta kibarazani na redio yake. Nikasalimia, nikakaa, nikajieleza. Alinihoji kuliko nilivyowahi kuhojiwa kwenye uwanja wa ndege wowote. Mtoto wa nani? Yule wa kwanza au wa pili? Nani alikuwa jirani yenu upande wa mwembe? Mwembe ulikatwa lini? Hapo kwenye mwembe nikababaika, kwa sababu ulikatwa nikiwa sipo, na nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka. "Ungeniambia mwaka ningejua umefundishwa." Barua nikapata siku hiyo hiyo, ila mazungumzo yalinila asubuhi nzima, na nilirudi nyumbani nimechoka hoi.

Kuhusu anwani, hapa nina dukuduku la kweli. Nilipofika nilifurahi kuona nyumba yetu imepewa namba na mtaa umewekewa kibao cha jina. Ni ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, iliyofanyika kabla ya Sensa ya Agosti 23. Ipo hata programu ya simu, NaPA, ukiingiza anwani inakuelekeza mpaka mlangoni. Nikajisemea, jamani, nchi imesogea! Siku naagiza feni nikaandika kila kitu kwa ufasaha: namba ya nyumba, mtaa, kata, postikodi. Bodaboda akapiga.

"Mama, nipo Bima. Wewe uko karibu na nini?"

Nikamsomea namba ya nyumba.

"Hiyo sijui. Karibu na nini?"

"Kuna duka la Mangi."

"Mangi yupi?"

Hapo mnanielewa, maana kila mtaa wa mji huu una Mangi wake. Tukaanza: Mangi mwenye grili la bluu, siyo yule wa gesi, ukiona mama anayekaanga mihogo umepitiliza, rudi, kata kulia kwenye shimo. Feni ilifika. Kibao cha mtaa kilikuwa juu ya kichwa cha yule kijana wakati ananiuliza, na wala hakukiinulia macho.

Nimelitafakari sana hili, na sidhani ni uvivu. Dar inaishi kwa kutajiwa. Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki Desemba 2010 lakini konda wa Sinza bado anaita "kwa Remmy" na watu wanashuka. Ubungo pamejengwa barabara za juu, zimezinduliwa 2021 zikapewa jina la Kijazi, na bado mtu anakwambia tukutane Ubungo Mataa. Jina likishakaa kinywani mwa makonda halitoki. Kibao cha mwaka 2022 kina kazi kubwa ya kushindana na mihogo ya yule mama.

Kwenye bei nako ni mdomo. Kariakoo nilishajiandaa, kule kupatana ni sehemu ya nauli. Unauliza bei unaambiwa "karibu, chagua kwanza," unachagua, unatajiwa bei ya mtu aliyeshuka kwenye ndege jana, sijui wanatutambulia wapi. Mdogo wangu anasema ni kwa sababu nasema "asante" kabla sijapewa chochote. Lakini mtandaoni jamani! Mtu kapiga picha gauni zuri, kaandika saizi, kaandika rangi, kaandika tunapeleka mikoani, kisha bei: "njoo inboksi." Ukienda inboksi anakujibu, "Habari dada, unapatikana wapi?" Mimi nimeuliza bei ya gauni. Nikimwambia ninapopatikana ndipo bei inazaliwa. Nimejaribu kukasirika, ila mama ananishinda kwa hoja: "Sasa atakutajia bei mtu asiyemjua?"

Na kuna ujumbe wa simu unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Laini yangu haijamaliza hata siku moja hewani, tayari nadaiwa hela. Tapeli huyo peke yake ndiye ameniandikia bila kutaka tuongee.

Sasa kabla hamjaniambia nirudi kwa viroboti vyangu, niwaambie habari ya baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa dalali. Vyumba, viwanja, magari yaliyotumika, chochote chenye mnunuzi na muuzaji wasiojuana. Mdomo ndiyo ulikuwa ofisi yake. Nikiwa huko alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaenda nao. Anaelewa kila kitu, anacheka pale pale panapochekesha, ila kinachotoka ni neno moja moja, tena baada ya kuhangaika. Na ndipo nilipoona mji huu unavyomfanyia. Hawezi kuita shusha. Hawezi kumwelekeza bodaboda kwa simu. Sokoni akiuliza bei kwa vidole anatajiwa yoyote, maana hana jinsi ya kupatana. Benki watu wanashikiana foleni kwa neno, "nipo nyuma yako, natoka kidogo," na yeye akitoka nafasi imekwenda. Mtu aliyekuwa anaijua Dar nzima sasa hatoki bila kusindikizwa.

Mdogo wangu alimwandikia karatasi, anaiweka mfuko wa shati: nashuka Tabata Bima, mimi ni mgonjwa wa kiharusi, nyumba yetu ni namba fulani, simu ya nyumbani ni hii. Konda mchana anaisoma. Usiku hana taa ya kusomea, na nani atamlaumu, ana abiria wamening'inia mlangoni. Lakini siku moja baba mdogo alirudi na bodaboda moja kwa moja mpaka getini, hakuna simu iliyopigwa, hakuna Mangi aliyetajwa. Yule dereva alisoma ile karatasi, akaiingiza namba kwenye programu, akafuata. Nilimwona akiinua macho kwenye kibao. Nilimpa nauli na juu yake nikaongeza, mpaka akadhani nimekosea.

Kwa hiyo msinisikie vibaya ninaposema namba zile zina maana. Mnaoongea vizuri hamzihitaji, na mkiwa hamzihitaji hakuna dereva atakayejisumbua kuzijua. Mimi sasa kila ninayemwagiza namwambia namba ya nyumba kwanza, namsubiri anung'unike, ndipo nataja grili la bluu.

Nilimwonyesha baba mdogo video ya kile kiroboti kikipeleka mkate. Aliitazama, akaomba tena, akaomba tena. Kisha akanyoosha kidole cha kushoto kwa mjukuu wake aliyekuwa anatoka dukani kwa Mangi na mkate kwapani, akasema neno moja safi kabisa, "Huyo." Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Nimalizie na luku, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa sababu hapa nahitaji msaada wenu wa kweli. Nyumba yetu ina mita moja, na uani kuna wapangaji wanne. Umeme tunachangia. Kwa kawaida hilo ni bunge: fulani ana friji, fulani anapiga pasi usiku, fulani kachemsha maharage kwa jiko la umeme akidhani hatusikii harufu. Mtu akinunua, mmoja anasoma zile tarakimu ishirini kwa sauti, mtoto anabonyeza, mwingine anasahihisha kutoka dirishani, na zikikataa tunaanza upya wote. Mimi kule nilikuwa nalipia umeme kwa kukatwa benki, sijui hata mita yangu ilikuwa ukuta upi.

Ila nimegundua kuna siku bunge hilo haliketi. Kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba kama yetu isiyo ya ghorofa, na inamkata anayetangulia kununua mwezi ukianza. Kila mpangaji analijua hilo. Kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba, na mama kila mara anasema atawarudishia, na kila mara anasahau, na wao wanaona haya kumdai mtu mzima. Kwa hiyo tarehe za mwanzo watu wanazima hadi taa za nje. Leo hii ninavyoandika mwezi umeanza, mita inasoma yuniti nne, na wote watano tumepita mbele yake jioni hii tukaitazama, tukaulizana habari za kutwa, kila mmoja akaingia kwake.

Mwenye namba ya fundi mzuri wa kufunga sabmita, zile mita ndogo za kila mpangaji, awe maeneo ya Tabata au Segerea, aniachie hapa. Na bei mnitajie hapa hapa, siji inboksi.